Kifaa Kinachotuma

Mkutano wa kumwondoa Konsolata kazini ulipangwa asubuhi ya Jumamosi, na mimi ndiye niliyeuomba. Konsolata ni karani wa kikundi chetu cha wakulima wa vitunguu saumu hapa Tlawi. Kila mwezi, kabla haujafika katikati, bando la intaneti la ofisi lilikuwa limekwisha, na wanunuzi wa Arusha wanatutafuta bila kutupata. Nani mwingine anakaa na ile kompyuta kutwa nzima? Nikaiambia kamati kwamba binti anaangalia tamthilia.

"Babu Margwe, siangalii," alisema. "Tamthilia naangalia kwa shangazi, kwenye televisheni."

"Tutaona."

Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa na njia ya kuona. Kompyuta nilijifunza nikiwa na mvi, kwenye darasa la jioni pale Mbulu mjini, nimekaa benchi moja na wajukuu wa wenzangu. Cheti nimekitundika sebuleni. Ijumaa asubuhi niliingia ofisini, ambayo imejengwa kwenye kiwanja changu, nyuma ya banda la ng'ombe, nikaweka kwenye kompyuta programu ya kukusanya takwimu za mtandao. Programu hiyo huonyesha kila kifaa kilichounganishwa kimepokea kiasi gani na kimetuma kiasi gani.

Mwanzoni haikuonyesha kitu. Nilisoma maelekezo upya, kidole kwenye mstari, nikagundua kwamba kuiweka ni nusu tu ya kazi. Ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao, nayo lazima iambiwe itume taarifa zake wapi, na mimi nilikuwa nimeandika anwani ya ruta yenyewe, kama mtu anayejiandikia barua. Nikaandika anwani ya kompyuta. Mistari ikaanza kumiminika kama mahindi guniani.

Vifaa vilikuja kwa namba, bila majina. Nikamwambia Konsolata azime simu yake. Mstari mmoja ukasimama, nikaandika jina lake hapo. Alikuwa ametumia kiasi cha salamu tu. Nikahisi aibu kidogo, nikaimeza.

Juu kabisa kulikuwa na kifaa nisichokijua, na kilikuwa kinatuma. Anayeangalia tamthilia hupokea. Hiki kilipokea kidogo mno, lakini kilikuwa kinatuma nje bila kupumzika, kama bomba lililopasuka.

"Si simu yangu hiyo, babu," Konsolata alisema nyuma yangu. "Yangu imezimwa, ninayo mkononi."

"Nyamaza kwanza, nafikiri."

Nikakifungia kifaa kile mtandao. Haukupita muda, mke wangu Fransiska akatokea mlangoni na ndoo ya pumba.

"Baba Emanuel, mmefanya nini na mtandao?"

Nilishangaa. Fransiska nilimpa neno la siri ili aongee na wajukuu tu, na habari za mtandao hajawahi kuziuliza. Kabla sijamjibu, simu yangu ikaita. Alikuwa Gidahosh, rafiki yangu mfugaji wa Gendabi, kule Hanang.

"Margwe! Ng'ombe wangu ameenda wapi?"

Hapo lazima nieleze. Yule ng'ombe mwekundu bandani kwangu si wangu. Huku kwetu mwenye mifugo huweka baadhi kwa rafiki wa mbali. Rafiki hukamua maziwa, ndama ni wa mwenyewe, na watu hawaambiwi. Kumchungulia ng'ombe wako bila kutoa taarifa ni tusi kwa rafiki. Tlawi nzima walimsifu ng'ombe yule kuwa ni wangu, nami niliitikia.

"Yuko bandani," nikasema.

"Simwoni! Kioo kimekuwa cheusi!"

Nikamtazama Fransiska. Aliweka ndoo chini.

"Ile taa mpya ya bandani," alisema. "Ina kamera na spika ndani. Gidahosh alinipigia mimi kwanza."

Miguu ilinipeleka bandani yenyewe. Nikatazama juu, kwenye taa ambayo mimi mwenyewe nilisifu mwanga wake. Chini yake hukamua, chini yake huimba. Chini yake, asubuhi ileile, nilifanya mazoezi ya hotuba ya kumfukuza Konsolata, mkono juu, ng'ombe akiwa ndiye kamati.

"Ulikuwa unanisikia?" nikauliza kwenye simu.

"Kila siku. Hotuba ya leo ilikuwa ndefu. Ng'ombe alilala."

"Gidahosh! Unanichunga kama mwizi!"

"Nimevunjika nyonga, Margwe. Mlima wenu sitaupanda tena. Mama wa huyo ng'ombe alikamuliwa na marehemu mke wangu. Nilimwomba mkeo, kwa sababu wewe ungekataa."

"Ningekataa!"

"Basi."

Konsolata alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, amesikia yote. "Kesho utawaambia nini, babu?" akauliza. Nikinyamaza, yeye anaondoka. Nikisema, Tlawi itajua ng'ombe si wangu.

"Upande wangu waambie ukitaka," Gidahosh alisema kwenye simu. "Kilichobaki ni chako."

Jumamosi kamati ilipofika niliwapeleka bandani. Mwenyekiti Sebastiani alikuwa na viatu vya kanisani.

"Mzee, tumekuja kufukuza karani au kukamua?"

Nilikuwa nimekifungulia mtandao kile kifaa. Nikainua kidole. "Kinachomaliza bando ni hicho hapo juu, kamera ya kumtazama ng'ombe."

Wote wakatazama juu, midomo wazi. Taa ikakohoa.

"Hamjambo huko?"

Sebastiani aliruka nyuma, kiatu kikatua kwenye samadi. Mama mmoja alifanya ishara ya msalaba. Konsolata peke yake ndiye aliyejibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Kazi bado unayo?"

Sebastiani alifuta kiatu kwenye nyasi, akanigeukia.

"Margwe, huyu ni nani? Na ng'ombe wako anamtazama kwa nini?"

Nilisubiri taa ijibu. Taa ilinyamaza. Nilishika pembe ya ng'ombe, ilikuwa ya moto kwa jua, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Si wangu. Ni wake. Wangu ni maziwa tu, na lile kosa la kumsingizia huyu mtoto."

Konsolata alikuwa ameshika ufunguo wa ofisi, aliokuja kuukabidhi. Aliutazama, akaurudisha mfukoni, akaenda kufungua ofisi.