Rungu la Munyaradzi

Siku ya kugawa mirathi ya mume wangu, Munyaradzi, nilivaa blauzi nyekundu ya akina mama wa kanisani. Shemeji Tendekai, kaka mkubwa wa marehemu, aliniona natoka jikoni akasimama.

"Mama Ruva, leo si siku ya maombi."

"Najua, shemeji."

"Sasa unamkomoa nani?"

"Simkomoi mtu. Ndiyo nguo ninayomwendea nayo Mungu nikiwa na shida kubwa."

Shida yenyewe wilaya yetu nzima ya Gutu iliijua. Kwetu mjane hupewa rungu la marehemu mbele ya ukoo, naye humkabidhi mwanamume atakayemrithi. Tendekai alishasema: rungu liende kwake, niwe mke wake wa tatu, au nirudi kwa wazazi wangu na binti yangu Ruvarashe abaki. Mimi nami nilishamjibu kwamba mke wa tatu wa mtu siwi, hata aniwekee panga shingoni.

Njia ilikuwa moja tu. Mjane asiyetaka mume anaweza kumpa rungu dada wa marehemu. Dada akilipokea, mjane anabaki nyumbani kwake na watoto wake, na hakuna wa kumgusa. Lakini dada mwenyewe alikuwa wifi Shuvai, mpika pombe, ambaye tangu tuzike alikuwa ananisimanga. Akinikuta napepeta pumba ili nipate cha kupika, ananiambia, "Mwite Yesu wako aje na gunia." Na juzi Tendekai alimpa ng'ombe mwenye mimba. Wala hakunificha.

"Wifi yako hatalishika," aliniambia. "Litaanguka chini, na wewe utafunga mizigo."

Ukoo ukakaa, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Mzee wa ukoo akanipa rungu. Nikampita Tendekai. Nikawapita na wadogo zake wawili.

"Anamtafuta mchungaji," mmoja akasema, watu wakacheka.

"Si aolewe na Yesu," Tendekai akadakia. "Ila tuambie kwanza, ana ng'ombe wangapi?"

"Hata wako wote ni wake, shemeji," nikasema. "Wewe unamchungia tu."

Kicheko kikahamia upande wa wanawake.

Nikapiga magoti mbele ya wifi Shuvai, nikamnyooshea rungu kwa mikono miwili. Hakulipokea. Alinitazama usoni.

"Liache lianguke," Tendekai akasema.

"Nikilikataa utafanyaje?" wifi akaniuliza.

"Nitaondoka. Lakini kwanza nitamwogesha mama, maana leo bado. Na kwa Tendekai siolewi, wifi, ukilipokea au usilipokee."

Mama mkwe wangu amepooza. Tangu mwanawe afe hajainuka kitandani.

Shuvai akageukia nyumba aliyolala mama yake, kisha akanirudia mimi.

"Unajua mimi husimama nyuma ya ule ukuta?" akasema. "Ukimwogesha, nasikiliza. Nilitaka nikusikie siku moja tu ukimtukana. Mara moja tu, nami nikalale. Siku mlizokula mboga tupu nikasema, leo atamtukana. Unaimba. Mimi aliyenizaa, ile harufu ilinishinda."

Akalichukua rungu, akaliweka mapajani.

"Na ng'ombe wangu?" Tendekai akauliza.

"Kamba yake unaijua. Kafungue."

Mzee akapiga makofi kuonyesha kwamba limekwisha. Kwa Tendekai lilikuwa halijaisha. Alikwenda moja kwa moja zizini akawatoa maksai wawili wa kulimia, akasema wale ni wa baba yake na marehemu alikuwa ameazimwa tu. Mvua zilikuwa karibu.

"Tuone sasa mtalima na nini," akasema.

Nilihisi machozi. Nikayaacha yatoke, ila sauti sikuiruhusu iyafuate.

"Majembe yapo," nikamwambia. "Wachukue, shemeji. Tutalima kwa mikono, na mahindi yakikomaa uje ule, wewe na wake zako. Namaanisha."

Aliwaswaga maksai kwa haraka, kama mtu anayefukuzwa.

Wifi Shuvai alikuwa bado amekaa mkekani, amelishika rungu kwa nguvu.

"Mwalike wewe," akasema. "Mimi huko bado sijafika."