Picha ya Nne

Baba yao alipozikwa, kaka mkubwa alimpigia simu dada yake wa mama mwingine, fundi wa kurasa za mtandao, atengeneze ukurasa wa kumkumbuka marehemu.

"Picha nne zikae mstari mmoja, mtu asukume kwa kidole kwenda pembeni. Mama yangu atangulie, yeye ndiye mke mkubwa. Mama mdogo apate ya mwisho."

Apate! Kama anayegawiwa makombo, mwanamke aliyemuuguza mzee mpaka akamfumba macho. Lakini binti alimeza, maana bila hiyo ya mwisho mama yake asingekuwa na hata moja.

Kazi aliifanya kwa moyo. Picha akazilinganisha kimo, akazilainisha pembe. Ule mstari wa kijivu unaojitokeza chini kuonyesha kwamba bado kuna picha, akauficha, ulimchukiza macho. Picha tatu zikajaa upana wa simu, barabara, bila kubakiza hata ukucha. Akajipongeza. Kumbe anajipalia makaa.

Ukurasa ukatumwa kwa ukoo mzima. Jioni alimkuta mama yake sebuleni, miwani puani, akisukuma kioo juu na chini, juu na chini.

"Mwanangu, mimi mmeniweka wapi?"

"Upo, mama. Sukuma pembeni."

"Nani aliniambia kuna pembeni?"

Binti akafungua maoni ya ndugu. Pole na sifa tele kwa mama mkubwa. Shangazi ameandika, "Familia imekamilika." Hakuna aliyesukuma. Alimchukia kaka yake, kisha akakumbuka kwamba mstari ule hakuuficha kaka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akaipakata kompyuta hapohapo. Dawa yake aliijua: picha zipunguzwe upana, ya nne ichungulie ukingoni, ili mtazamaji ajue kuna inayofuata. Akahifadhi, akamrudishia mama simu.

"Haya, mama. Sasa watakuona."

Mama alitazama kwa muda mrefu. Ukingoni mwa kioo palikuwa na sikio, jicho moja na kipande cha shavu. Wengine wote walikuwa wazima.

"Nirudishe nilikokuwa," alisema, akivua miwani. "Heri nisiwepo kabisa, kuliko kuchungulia ndoa yangu mwenyewe."