Kura za Mkate

Huku Glen Aros, ukisimama mlangoni mwa kanisa Jumapili ukaita "Angus Gillis", nusu ya wanaume watageuka, na mbwa mmoja. Mababu zetu walikuja kisiwani na majina machache, wakatugawia hayohayo, na sisi tukawagawia watoto wetu. Kwa hiyo kila mtu ana jina la utani, na hilo ndilo jina lake hasa. Kuna Angus Kengele, kwa kuwa baba yake ndiye aliyegonga kengele ya kanisa. Kuna Hector Kofia, ambaye hata mkewe hajui upara wake unaanzia wapi. Na kulikuwa na Angus Mkate, ila huyo hukumwita hivyo mbele ya uso wake kama ulikuwa unayapenda meno yako.

Jina lilianza kwa baba yake, Rory. Mwaka wa ule mgomo mkubwa wa wachimbaji, Kampuni yenye mgodi ilifunga duka lake la chakula, watu wakala maganda ya viazi, na Rory akamzika mtoto wake mchanga. Wiki ileile aliingia mgodini kufanya kazi, wenzake wakiwa bado kwenye mgomo. Zamu moja tu, basi. Alipotoka alikuwa na mkate chini ya koti, na pale getini, mbele ya wake za wagomaji wote, ukamponyoka ukaanguka kwenye tope. Aliinama akauokota, akaenda nao nyumbani. Mgomo ulikwisha, akafanya kazi miaka mingi baadaye bila mtu kumsogelea kwenye benchi la chakula, akafa akiitwa Rory Mkate. Mwanawe akalirithi jina pamoja na nyumba.

Angus alilichukia jina hilo kuliko alivyoichukia Kampuni. Alijaribu kila njia kulifuta. Akaingia chama cha wafanyakazi, akawa mtu wa kwanza kushuka kila paa la mgodi lilipoporomoka, akawatoa wenzake wazimawazima kwa mikono yake. Kule chini kila mchimbaji huandika jina lake la utani kwa chaki ubavuni mwa kigari chake cha makaa, maana usipoandika, jasho lako linahesabiwa la Gillis mwingine. Angus peke yake ndiye aliyeandika A.G. na kuishia hapo. Vigari vyake vilipotea mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye, na hakulalamika hata siku moja. Kichwa kigumu kile, msiniulize zaidi.

Ndipo kikaja Chama cha Kisiwa. Kisiwa chetu kiliwahi kujitawala, zamani za mababu, kabla hakijafungwa kwenye mkia wa bara. Wakubwa wa mji mkuu walipotangaza kwamba mgodi utafungwa, watu wakaanza kuulizana kwa nini tusiwe jimbo letu wenyewe, tuamue mambo yetu wenyewe. Chama kikaanzishwa kwenye ukumbi wa kanisa, Hector Kofia akawa mwenyekiti kwa sababu ndiye aliyekuwa na ufunguo wa ukumbi. Alipouliza nani agombee kiti chetu bungeni, hakuna aliyefikiri mara mbili. Walimtaka Angus.

Angus alikubali, na mimi nitasema wazi kwa nini. Mgodi aliupenda, kisiwa alikipenda. Lakini zaidi ya hayo alitaka mtu asimame mbele ya watu amwite Bwana Gillis, aandikwe hivyo gazetini, na lile jina lingine life.

Chama cha zamani, kile cha wakubwa wa mji mkuu, nacho kikamtangaza mtu wake. Kikamchagua Angus Kengele, muuza bima, mtu mpole asiyemkosea yeyote, na jina lake kamili ni Angus Gillis.

Hector alikuja mbio nyumbani kwa Angus, kofia kichwani, akakaa jikoni bila kukaribishwa. Angus aliishi na mama yake, Catriona, bibi wa miaka themanini aliyekuwa akimenya viazi dirishani.

"Umesikia walichofanya?" Hector akauliza. "Majina mawili, herufi kwa herufi. Na karatasi ya kura haiandiki chama, inaandika jina tu. Watu watajuaje?"

"Waambie langu ni la chini," Angus akasema. "Si wamepiga kura nani awe juu na nani awe chini kwenye karatasi? Mimi ni wa chini."

"La chini, la juu. Unawajua watu wetu wewe? Mzee Dougald hata viatu anavaa kwa kubahatisha." Hector akashusha sauti. "Sheria inaruhusu. Mtu mwenye jina lingine analojulikana nalo, linachapishwa pembeni. Andika Mkate, Angus. Tumeshinda."

Angus alisimama akaongeza makaa kwenye jiko ingawa moto ulikuwa mkali.

"Vijana wa leo hawajui hata maana yake," Hector akaendelea. "Wanangu wanadhani baba yako alikuwa mwoka mikate. Haki ya Mungu."

"Mimi najua maana yake."

"Wenzako wanakuita hivyo kwa mapenzi, bwana."

"Basi wapunguze mapenzi."

Catriona aliweka kisu chini. "Ni jina la baba yako," akasema.

"Ndiyo maana sitaki lichapishwe na serikali, Mama, wakalibandika kila ukuta. Namlinda mzee."

"Unamlinda yeye?"

"Ndiyo."

"Haya, mwanangu," Catriona akasema, akakichukua kisu chake. Hector naye akaona hapo hapana cha kuongeza, akaomba chai.

Siku ya kuthibitisha majina ya karatasi ya kura, Angus na Hector walikwenda kwa msimamizi wa uchaguzi, Bwana Purcell, mtu wa bara, mwembamba, anayesoma kila neno kwa sauti kana kwamba anamsomea kiziwi. Alimpa Angus Biblia aishike.

"Kuna jina lingine lolote unalojulikana nalo hapa Glen Aros?"

"Hakuna."

Purcell alimtazama juu ya miwani. Hakuwa mjinga, na alikuwa ameishi kwetu muda wa kutosha. "Umeapa, Bwana Gillis."

"Nimeapa."

Bwana Gillis. Angus alitoka pale kifua mbele, na Hector alimfuata akiangalia viatu vyake.

Kampeni ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Wanawake walioka biskuti za shayiri, wazee waliotukanana miaka mingi wakakaa meza moja. Hector alipita nyumba kwa nyumba akiimba, "Wa chini, wa chini, wekeni alama kwa wa chini." Watu wakamwitikia kwa kichwa. Lakini mchimbaji wa makaa akiona majina mawili yanayofanana, mkono wake una mazoea yake, na hayo Hector hakuyawaza wala Angus hakuyawaza.

Kura zilihesabiwa jioni ileile kwenye ukumbi wa kanisa, theluji ikipiga madirisha. Purcell alikaa meza ya mbele. Kulia kwake lundo la Angus wa juu, kushoto lundo la Angus wa chini. Watu walijaa mpaka ngazini. Malundo yalipanda pamoja, kisha la kulia likatangulia kidogo, halafu Purcell akashika karatasi moja akaisogeza karibu na macho.

"Hii ina alama kwa wa chini," akasema. "Lakini ina maandishi. Sheria inataka alama tu. Maandishi yanaharibu kura, isipokuwa yawe jina la mgombea."

"Imeandikwa nini?" mtu akauliza nyuma.

"Mkate."

Watu walicheka. Purcell akaiweka katikati ya meza, peke yake. Akachukua nyingine. "Mkate." Akachukua nyingine. "Mkate." Baada ya muda hakuna aliyecheka tena. Nyingine ilisema Mkate wetu. Nyingine, kwa mwandiko unaotetemeka wa mtu mzima sana, ilisema mwana wa Rory Mkate. Walikuwa wameandika ubavuni mwa jina kama wanavyoandika ubavuni mwa kigari, ili jasho la mtu lisihesabiwe la mwenziwe.

Angus alikaa mstari wa mbele, mikono magotini. Jina alilolikimbia maisha yake yote lilikuwa linasomwa kwa ile sauti ya kumsomea kiziwi, tena na tena, na kila likisomwa alikuwa anapoteza kura. Na halikusomwa kama tusi. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba katika zile karatasi zote hakuona hata moja iliyoandikwa kwa dharau.

Purcell alimaliza. Lundo la kulia lililizidi la kushoto, lakini kama lile la katikati lingeongezwa kwenye la kushoto, hapangekuwa na ubishi wowote.

"Simama," Hector akamnong'oneza. "Simama useme, kwa ajili ya Mungu."

Purcell alivua miwani. "Kama kuna mgombea anayejulikana kwa jina hili," akasema, "aseme, nizihesabu kuwa zake."

Angus alisimama. Aliona nyuso za watu aliokua nao, wake za watu aliowatoa chini ya mawe, wote wakimtazama kama ndugu anayechelewa mlangoni.

"Mkate ni mimi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, akarudia. "Mimi ndiye Angus Mkate. Baba yangu ni Rory Mkate, na kila mtu humu ndani anajua."

Watu walipiga makofi. Hector alivua kofia, na hilo peke yake lilitosha kuandikwa gazetini. Kisha mwanasheria wa chama cha zamani, kijana aliyetumwa toka mji mkuu, akasimama pembeni ya Angus Kengele.

"Aliapa kwamba hana jina lingine," akasema.

Makofi yakafa. Angus Kengele mwenyewe alimvuta kijana yule mkono akae, akanong'ona jambo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Bwana Gillis," Purcell akasema, na alisema kwa huzuni, nampa haki yake. "Nikizikubali kura hizi, basi uliapa uongo mbele yangu, na aliyeapa uongo si mgombea tena. Nikizikataa, zimeharibika. Sina njia ya tatu. Wewe unayo?"

Angus akaketi. Purcell alizifunga zile kura katika bahasha, akaipiga muhuri.

Chama cha Kisiwa hakikufika majira ya kupanda viazi. Bila kiti hata kimoja bungeni, mikutano ilipungua watu, kisha ufunguo wa ukumbi ukarudi kwa padri, na mgodi ukafungwa kama walivyosema wakubwa. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile Angus alitembea nyumbani peke yake kwenye theluji, maana Hector alisema anapita njia nyingine.

Habari ilikuwa imemtangulia. Catriona alikuwa amekaa mezani, taa imewashwa, shali mabegani.

"Ni kweli ulisimama ukasema?"

"Nilisema, Mama."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote. Nilimtaja na baba." Alingoja amsifu. Mtu mzima yule, mwenye mvi, alisimama na theluji begani akingoja mama yake amsifu.

"Mkate ule," Catriona akasema, "baba yako hakuuonja. Aliufuta tope akakukatia wewe, na mimi nikala kilichobaki. Walimwita hivyo mpaka kaburini, na hata siku moja hakusema si mimi."

"Nimesema leo kwamba ni baba yangu."

"Ulimkana kwa kiapo. Ukamkubali kwa ajili ya kura."

Angus alitaka kusema ilikuwa kwa ajili ya mgodi, kwa ajili ya kisiwa, kwa ajili ya jina la nyumba. Kila neno alilolishika lilikuwa bovu, na alijua kwamba ni bovu, akaona aibu iliyo kubwa kuliko ile aliyolionea lile jina maisha yake yote. Mama yake aliinuka kwa kushikilia meza.

"Chai iko jikoni, Bwana Gillis," akasema. Akaingia chumbani kwake akafunga mlango.