Herufi Moja kwenye Jiwe la Bi. Thackray

Maureen Oldroyd alichonga maandishi ya makaburi pale Kettlebeck, kijiji cha Uingereza, kwa miaka thelathini na minne, na hakuna jiwe lililotoka karakanani kwake na kosa. Sarufi alifundishwa na Bi. Agnes Thackray, mwalimu aliyekuwa akigonga meza kwa rula na kusema, "Mtenda mmoja, kitenzi cha mmoja! Watenda wawili, kitenzi cha wawili!" Kwa Kiingereza, tofauti hiyo mara nyingi ni herufi moja tu, s, mwishoni mwa kitenzi. Cha mmoja huwa nayo, cha wawili hakina.

Bi. Thackray alipofariki akiwa na miaka tisini na miwili, bintiye Hilda alileta karatasi ya maneno ya jiwe. Marehemu aliyaandika kwa mkono wake, kwa Kiingereza: Hapa amelala Agnes Thackray na mumewe Wilfred.

Maureen aliyasoma, moyo ukamuuma. Amelala, lies, yenye s, na watu ni wawili! Uzee hauna adabu, alijisemea, hata Bi. Thackray umemfikia. Hakutaka mwalimu wake adhalilike kwenye jiwe mpaka siku ya kiama. Akachonga lie, wamelala, bila ile s, na hakumwambia mtu.

Asubuhi ya kusimamisha jiwe ilikuwa na ukungu. Hilda aliinama kusoma, akashika ukingo wa jiwe.

"Nani kakwambia?" aliuliza.

"Kaniambia nini, dada?"

"Kwamba wako wawili humu."

Maureen alicheka kidogo. "Si sarufi tu? Mama alikosea, nikamrekebishia."

"Mama?" Hilda alimkazia macho. "We Maureen, umekaa darasani kwake miaka mitatu. Uliwahi kumwona akikosea?"

Kijiji kizima kilijua kwamba Wilfred Thackray, mchimba makaburi wa kanisa, aliondoka mwaka hamsini na nane kwenda Hull kutafuta kazi melini, asirudi. Jina lake jiweni lilikuwa la kumbukumbu tu.

Hilda aliketi kwenye nyasi zenye umande, mikono mapajani.

"Nilikuwa na miaka saba. Kulipopambazuka nilimwona Mama kupitia dirishani anarudi na toroli la baba, tope mpaka magotini. Akaniambia baba kasafiri. Kiangazi kile kile akanunua hapa mahali pa kaburi lake. Ana miaka thelathini na mmoja, mzima kama chuma! Nani ananunua kaburi akiwa na umri huo?"

"Labda alikuwa na huzuni."

"Huzuni? Kabla ya hapo alivaa mikono mirefu hata kwenye joto la Julai, kuficha michubuko. Baada ya hapo aliacha." Hilda alifuta pua kwa kiganja. "Na kwenye wosia kaandika wasichimbe zaidi ya futi nne. Nimewasimamia mwenyewe, Maureen. Nilijua, na sikutaka kujua."

Maureen alihisi baridi ikimpanda kutoka kwenye nyayo, maana alikuwa amesimama palepale. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Naweza kuichomeka ile s," alisema kwa sauti ndogo. "Itabanana, lakini itaingia."

Kengele ya saa tatu ikalia. Hilda alinyanyuka kwenye nyasi.

"Usiiguse," alisema. "Miaka sitini na mmoja watu wanasema baba alinikimbia, na mimi nawaitikia."

Jumatatu alikwenda polisi peke yake. Wakaja na hema jeupe, wakalitoa jeneza, wakaendelea kuchimba. Kwenye kina cha futi tano wakamkuta mwanamume amelala kiubavu, mkanda wa ngozi bado kiunoni. Kesi haikuwepo, kwa kuwa mshtakiwa mwenyewe alikuwa ameletwa kulala juu yake. Waliwarudisha wote wawili, safari hii kwa sala ya kasisi, na jiwe likasimamishwa vilevile.

Hilda alianza kulala usingizi wa kutosha, alisema hivyo mwenyewe dukani.

Maureen ndiye aliyeacha kulala. Kila aliposhika patasi alimwona Bi. Thackray kitandani, kalamu mkononi, mwalimu asiyewahi kukosea, akisita mwishoni mwa kitenzi, kisha akiiandika ile s taratibu, kwa mwandiko mzuri, huku akijua kwamba wako wawili.