Kocha Asiye na Upendeleo

Jumapili hiyo Bonface Kibet alikaa safu ya nyuma kabisa kanisani, pale Lewisham ughaibuni, akiinamisha kichwa kama mgeni asiyejua nyimbo. Yeye huyu ambaye wiki zote hukaa mbele na kupiga makofi kuwashinda wanakwaya! Tangu Ijumaa alijua amemkosea mtoto wa watu, na alikuwa bado hajamwambia yeyote.

Chuo anachofanyia kazi ya ukarabati hakikuwahi kuwa na timu ya wasichana ya mpira wa kikapu hadi alipoianzisha yeye. Mchana alitengeneza mabomba na milango, jioni akawa kocha. Aliwabembeleza wasichana mmoja mmoja kwenye korido, akaomba ukumbi, akabandika mistari ya uwanja kwa mikono yake. Msimu wa kwanza walifungwa mechi zote bila huruma. Ijumaa timu hiyo hiyo ilikuwa imecheza fainali ya vyuo, na mama mmoja alikuwa ametoka Marekani kuja kuitazama. Alikuwa akitafuta mchezaji mmoja tu, wa kwenda kusomeshwa bure huko kwao.

Kila mwenye macho alijua mchezaji huyo ni Natasha. Mama yake, Jedidah, anatunza wazee majumbani na amemlea peke yake. Ndiye aliyemshika binti yake mkono siku moja baada ya ibada, akamleta kwa Bonface mbele ya waumini. "Kochi, huyu sasa ni wako. Akipotoka usiningoje mimi, mrekebishe." Bonface akaitikia kwa moyo wote, maana kwao mtoto hulelewa hivyo.

Ikafika wiki ya fainali, na Pritesh naye akatia neno. Pritesh ni mzaliwa wa Kisumu, ana duka Tooting, na binti yake Komal alikuwa kwenye timu hiyo. Msichana wa bidii, kipaji cha kawaida. Alimpiga Bonface begani akicheka. "Mwalimu, hii timu ni ya chuo ama ni ya kanisa yenu?"

Utani mtupu. Pritesh humtania hata daktari aliyemshikia sindano. Lakini neno lile lilimkwama Bonface kooni kama mwiba wa samaki. Akaanza kusikia watu wakisema kocha anabeba watu wa kanisa lake. Basi akafanya lile tunalolifanya sisi watu wa kuogopa kusemwa: akamwonea wa kwake ili wengine wamwone ni mtu wa haki. Akamweka Natasha benchi. Alipomwingiza, yule mama wa Marekani alikuwa ameshavaa koti aondoke.

Kombe wakalikosa. Nafasi ya Marekani ilikuwa moja, akaipata Komal. Pritesh alimkumbatia Bonface akilia kwa furaha, wala hakukumbuka kwamba aliwahi kusema lolote.

Sasa, Jumapili hiyo, wakati wa ushuhuda Jedidah alisimama.

"Bwana asifiwe! Mtoto wangu hakuchaguliwa, lakini mimi nashukuru. Kochi ni mtu wetu, angeweza kumpendelea, na hakumpendelea. Watu kama hawa wamebaki wangapi? Kochi, kuja umwombee mtoto wako."

Kanisa likapiga makofi. Bonface alikwenda mbele akitamani sakafu ipasuke immeze. Akamwekea Natasha mkono kichwani, na watu wote wakafumba macho.

Natasha anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Alimnong'oneza kwa Kiingereza hicho, kwa upole uliomuumiza Bonface kuliko tusi: "Usijali, Kochi. Sikuwa na uwezo wa kutosha, basi. Nimemwambia Mama nimeacha kucheza."

Bonface akayaacha maombi. Kumbe hakuwa amemnyima safari tu. Msichana alikuwa ameamini kwamba hana uwezo.

"Wewe ndiye uliyekuwa bora kuliko wote," alisema. "Nilijua hata kabla mechi haijaanza."

Natasha akafumbua macho. Jedidah, aliyesimama karibu nao, naye akayafumbua.

"Sasa kwa nini uliniweka benchi?" Natasha aliuliza.

"Kwa sababu wewe ni wangu," alisema Bonface.

Natasha aliushika ule mkono, akautoa kichwani mwake taratibu, akaenda kusimama upande wa pili wa mama yake. Nyuma yao kanisa zima lilikuwa bado limefumba macho, likingoja kuitikia amina.