Hatua Saba kwenye Mkeka

Mkeka wa jimnastiki ulifika saa mbili asubuhi juu ya lori kutoka Kigali, na saa tatu mashindano ya kuchuja watoto wa Mkoa wa Magharibi yakaanza. Pascasie alisaidia kuukunjua katika ukumbi wa shule, akainama, akaubonyeza kwa kiganja. Mkeka ukamrudishia mkono juu. Akasimama, akaenda kuwapanga watoto wake sita, wala hakuliwaza tena jambo hilo.

Kazi yake ilikuwa karani katika ofisi mojawapo ya mji wa Gisenyi. Jimnastiki alijifunza mwenyewe, kwenye kitabu cha Kifaransa kilichokatika jalada na kwenye video za simu. Watoto aliwafundishia ufukweni, kwenye mchanga wa ziwa, kwa sababu mchanga hauna mwenyewe na hauvunji mtu shingo. Kila mtoto alikuwa na ukurasa wake katika daftari: anaanzia wapi, anapiga hatua ngapi, anaruka nini.

Mashindano ya siku hiyo yalikuwa kazi ya mikono yake pia. Zamani kila wilaya ilikuwa na nafasi mbili, na mtoto wa mwisho akishamaliza, makocha walikuwa wakiizunguka meza ya waamuzi na kuongea mpaka nafasi zipatikane. Mwaka mmoja msichana wake Akaliza aliongoza mkoa mzima, akabaki nyumbani. Akaenda mtoto aliyeanguka mara mbili, ambaye mjomba wake alijua kuongea. Pascasie hakugombana na mtu. Alikaa, akaandika barua. Akaandika tena, miaka minne, na mwishowe wakubwa wa mchezo wakazichukua kurasa zake sita karibu zilivyo. Nafasi za wilaya zikafutwa. Anayepata alama kumi na moja anapita, awe mmoja au ishirini. Kila kocha anawasilisha mapema kadi inayoonyesha mtoto atafanya nini na kwa mpangilio gani, na kinachofanywa nje ya mpangilio huo hakihesabiwi, ili mwamuzi asipate mwanya wa kumwongezea mtu. Na kocha atakayeisogelea meza kabla karatasi za alama hazijatumwa Kigali, klabu yake inakaa nje mwaka mzima. Hapo kwanza alikuwa ameandika miaka miwili. Akaona ni ukali, akapunguza.

Teta, mmoja wa wale watoto sita, alikuwa na miaka kumi na minne. Januari angetimiza kumi na mitano, na kundi la watoto lingekuwa limemwacha. Waliopita leo wangekwenda kushindana Kigali, na wanne bora huko wangechukuliwa na shule ya bweni yenye ukumbi wa kweli. Baada ya hapo, wilayani kwao Rubavu hapakuwa na kitu kingine cha kumpa msichana anayeruka. Mama yake, Mukabera, ambaye kila siku huvuka mpaka wa Kongo pale Grande Barrière na beseni la mboga kwenda kuuza Goma, siku hiyo hakuvuka. Alikaa nyuma ya Pascasie, kitenge kipya, mikono mapajani.

"Leo tunakaa kama watu ya misa, juu ya barua zako," alinong'ona Nzeyimana, kocha wa Karongi, aliyekaa kando yake. "Zamani saa hii mi nimeisha kunywa Fanta na jury pale mezani."

"Ukanywa, na watoto?"

"Watoto nao walikunywa." Akacheka kidogo. "Bon. Nyamaza, wako anaingia."

Teta alikuwa na safari tatu za kuvuka mkeka. Ya kwanza ndiyo ilikuwa nzito: hatua saba za mbio, mikono chini, kujirusha nyuma, halafu kupinduka hewani bila kugusa chini, ile wanayoiita salto. Salto hiyo ilikuwa na nusu alama. Kwenye kadi iliandikwa ya mwisho katika safari hiyo ya kwanza.

Akaanza mbio. Katika hatua ya nne Pascasie aliona kosa. Mchangani mguu huzama, hatua inakuwa fupi; hatua saba za Teta zilikuwa mita tano na kidogo. Hapa mkeka ulikuwa unamsukuma. Kila hatua ilimpeleka mbali kuliko alivyozoea, na ya saba ilimkuta amekwisha kula karibu mita nane kati ya kumi na mbili. Akaweka mikono chini, akajirusha nyuma, akatua visigino vikiwa ukingoni kabisa. Nafasi ya salto haikuwepo.

Mtoto mwingine angeruka akaangukia sakafu ya saruji. Teta alisimama, akageuka kama vile ndivyo ilivyopangwa. Katika safari ya pili akapiga hatua nne tu, akaitia salto humo, juu, mwili umekunjwa vizuri, akatua kwa miguu miwili bila kutikisika. Ukumbi ukapiga makofi. Mukabera akamshika Pascasie bega.

Pascasie hakupiga makofi.

Alama zikabandikwa ukutani. Teta alipata kumi nukta saba. Watoto watatu wa mkoa walipita, mmoja wao wa Nzeyimana.

"Madame," Mukabera alisema, "aliruka ao hakuruka?"

"Aliruka."

"Na kwa karatasi iko wapi?"

"Haikuhesabiwa. Aliifanya mahali pengine."

"Mahali pengine wapi? Si ni pale pale kwa mukeka?" Mukabera hakupaza sauti. "Nenda uwaambie. Uko kocha. We unajua kuongea na watu ya bureau."

Pascasie akasimama. Meza ilikuwa hatua chache tu mbele. Alipoanza kwenda, Valentin, mkuu wa waamuzi, aliyekulia Tanzania na mwenye sauti ya upole, alimwona, akaifunika karatasi kwa kiganja.

"Mwalimu, tafadhali, rudi ukae," alisema. "Ukifika hapa nitalazimika kuandika, na unajua nitaandika nini."

Alijua. Alitazama nyuma. Wale watoto wake wengine watano walikuwa wamekaa ukutani kwa mstari, wanamwangalia. Mwaka mzima nje. Akarudi, akakaa, na Mukabera hakumrudishia mkono begani.

Teta alikuja akiwa bado miguu mitupu. "Mi nimeifanya, Madame. Umeona?"

"Nimeona."

"Donc kwa nini hauwaambie?"

"Sheria inanikataza."

"Nani aliiandika?"

"Mimi," Pascasie akasema.

Teta akamtazama. Akaenda kuvaa viatu.

Karatasi zilipokwisha kupigwa picha na kutumwa, makocha waliitwa mezani kutia sahihi. Sasa Pascasie aliruhusiwa kusema, akasema: mchanga, hatua, mkeka uliofika saa moja kabla. Valentin alimsikiliza mpaka mwisho, hata akaandika pembeni.

"Hili uliandike rasmi, Mwalimu. Mwakani mkeka utangulie siku mbili."

"Mwakani huyu mtoto hatakuwa na umri."

"Najua. Andika hata hivyo." Akamsogezea ripoti ya siku. Chini, mahali pa malalamiko, alikuwa ameandika: Hakuna. "Ni mara ya kwanza tangu nianze kazi hii," alisema, na alimaanisha sifa. "Hakuna aliyelalamika. Kazi yako imefanikiwa."

Pascasie alilisoma neno lile mara mbili. Kila alichojua kuhusu karatasi kilimwambia kwamba lilikuwa sahihi. Akaweka jina lake chini yake.

Alipotoka, Mukabera alikuwa tayari juu ya moto, pikipiki ya kukodi, na Teta anapanda nyuma ya mama yake, wajibane wawili kurudi kwao Rugerero.

"Jumatatu kuna mazoezi," Pascasie alisema. "Saa kumi, kama kawaida."

Teta alimtazama mama yake.

"Lundi ananisaidia kuvusha beseni," alisema Mukabera. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulibeba. "Aksanti kwa miaka yote, Madame."

Dereva akawasha. Pascasie alibaki getini, daftari mkononi, mpaka mmoja wa wale watoto watano alipomuuliza kama na wao sasa wanaweza kwenda.