Anayetaka Kuiona Avae Koti

"Maji machafu," alisema Profesa Burdick mbele ya darasa zima, ameishika karatasi yangu kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota soksi ya mwenziwe. "Kaisa Lahti ametuletea maji machafu."

Wakacheka. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa anasema kweli. Muda mfupi tu kabla ya hapo, nje kwenye maegesho, karatasi ile ilikuwa imejaa maua. Nilikuwa nimeipaka rangi za maji na kuiacha kwenye baridi ikiwa bado mbichi. Barafu ikaanza kuota ndani ya rangi, inaisukuma huku na kule, inachora manyoya na mishipa ambayo brashi haiwezi hata uipigie magoti. Nikaikimbiza darasani waione. Darasani kuna joto. Ikayeyuka yote, ikatiririka mezani, ikamlowesha mwenzangu Odell suruali.

"Mchoraji ndiye anayeamua rangi ikae wapi," Burdick akaendelea. "Si hali ya hewa. Mwezi wa pili jopo linakaa. Kila mmoja atatundika kazi moja ukumbini, nasi tutaitolea alama. Asiyepita anatoka idara ya uchoraji. Wewe, Kaisa, rangi za mafuta juu ya turubai. Chora chungwa, chora chupa, sijali. Michezo ya watoto basi."

Michezo! Mtu katoka kusini, ng'ambo ya daraja kubwa, hajamaliza hata misimu mitatu ya baridi huku kwetu, bado anaanguka kila akishuka kwenye gari, leo anifundishe mimi baridi ni ya nani? Mimi niliyezaliwa kando ya Ziwa Superior, kwa Wafini ambao barafu wanaitoboa ndipo wapate kitoweo? Nikamjibu, "Sawa, Profesa." Moyoni nikasema, utanitambua.

Nyumbani niliteka kibaraza cha nyuma. Nikatia chumvi kwenye rangi, ikagoma kuganda. Nikatia pombe kali, ikagoma zaidi. Nikajaribu ute wa yai, ukaganda vizuri na kunuka vibaya. Maji matupu ndiyo yaliyonipa maua, na kila nilipoyapata niliyabeba mbio hadi kwenye jiko la kuni yakauke. Huku kwetu kitu kikilowa kinapelekwa motoni, iwe glavu, iwe buti, iwe mbwa. Hakuna anayekufundisha, unakua unaona. Basi na mimi naweka karatasi karibu na jiko, nageuka, nikirudi nakuta uji. Safari moja niliipeleka sauna.

"Kaisa!" Mama akapiga kelele, taulo kichwani. "Watu wanaingia humu kutoa jasho, wewe unaleta karatasi itoke jasho? Una akili timamu wewe?"

"Nafanya majaribio, mama."

"Majaribio yako yamenipaka bluu mgongoni. Toa!"

Siku hiyo nililia kwa hasira. Nikatoka nje na karatasi iliyoharibika, nataka kuitupa, nikajigonga uso kwenye shuka. Mama anaanika nguo nje mwaka mzima, kama alivyofanya mama yake. Mashuka yanaganda pale kwenye kamba yanakuwa magumu kama mbao. Kesho yake, au keshokutwa, unayaanua laini, makavu, yananukia upepo, na hakuna tone lililodondoka. Nimeyakunja mashuka hayo tangu sijaweza kufunga kamba za viatu.

Nikasimama pale nimeshika pua.

"Mama! Ile barafu ya kwenye mashuka huwa inakwenda wapi?"

"Nitajuaje mimi? Inakwenda zake. Shika upande huo, usiniburuzie shuka kwenye theluji."

Inakwenda zake! Bila kupita kwenye maji! Na mimi muda wote naikimbiza motoni, bwege mkubwa. Nikachukua karatasi mpya, nikapaka rangi, nikaigandisha, nikaibana kwenye kamba katikati ya soksi, nikaiacha. Ilipokauka niliileta ndani. Nikaiweka juu ya meza, karibu na jiko kabisa. Maua hayakuondoka. Nilicheza peke yangu jikoni mpaka sufuria zikalia.

Basi nikaamua jopo nitalipa kitu ambacho hawajawahi kukiona. Nikaomba shuka.

"Shuka gani?"

"Lile jeupe la kitanda kikubwa."

"Ebo! Nilale juu ya nini?"

"Nitakuchora wewe, mama."

Akaenda kabatini akanirushia. "Usinichore mnene," akasema.

Nikalipigilia kwenye fremu ya mbao. Nilitaka kumchora anavyosimama kwenye kamba, vibanio mdomoni, macho ameyakunja kwa mwanga wa theluji. Kumbe hali ya hewa nayo ina yake. Mwezi wa pili huohuo, ule ambao kwetu hata mate hugandia hewani, ukaingia upepo wa joto. Paa likawa linadondoka, barabara tope. Kila nikitazama nje natukana. Odell akanipigia simu kunicheka: "Kaisa, chora chungwa bwana, yaishe!"

Baridi ilirudi siku moja tu kabla ya jopo. Nilipaka rangi mchana nikiwa nimevaa glavu zilizokatwa vidole, na kufikia jioni uso wa mama ulikuwa umeota manyoya kuanzia kwenye nywele hadi shingoni. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna ile. Lakini asubuhi shuka lilikuwa limeganda tu. Kukauka kulihitaji siku nyingine mbili, labda tatu, nami sikuwa nazo. Nikalifunga nyuma ya pikapu, nikaendesha taratibu hadi chuoni, nikalisimamisha kwenye theluji mbele ya dirisha la ukumbi.

Burdick akafungua mlango, joto likanipiga usoni. "Ukumbini, Kaisa. Zamu yako."

"Kazi yangu iko nje, Profesa. Anayetaka kuiona avae koti."

Bi Ostrander, mwalimu mwenzake kwenye jopo, alikuwa wa kwanza kuvaa. Mwalimu wa tatu wa jopo akamfuata, kisha wanafunzi, mwishowe Burdick mwenyewe, bila kofia. Jua lilikuwa limelipiga shuka kwa nyuma, barafu ikawaka. Burdick akainama karibu kabisa, mpaka nikaogopa pumzi yake.

"Ni nzuri," akasema taratibu. Naapa, alisema. "Ni nzuri sana. Sasa iingize ndani."

"Ikiingia inayeyuka."

"Kanuni inasema ukumbini. Wenzako wote wametundika ukumbini. Itundike dakika moja, niandike alama, umepita. Nakuahidi mbele ya hawa."

"Prescott," Bi Ostrander akamwambia Burdick, "si tumeshaiona hapahapa?"

"Kanuni ni kanuni, Helga. Nikimwachia huyu, kesho mwingine atataka tukamtolee alama juu ya mti."

Odell akanivuta mkono. "Ingiza bwana! Utachora nyingine. Kiti hiki cha uchoraji hutakipata tena."

Nilikitaka kiti kile, nisidanganye. Tangu utotoni sijawahi kutaka kitu kingine. Nikamtazama mama pale kwenye shuka, na vibanio vyake. Dakika moja tu kule ndani angeanza kuchuruzika kidevuni.

"Profesa, ulisema mchoraji ndiye anayeamua rangi ikae wapi."

"Nilisema."

"Basi nimeamua. Inakaa hapa."

Akaniangalia, akatikisa kichwa, akatoa kalamu. Wino ulikuwa umeganda. Akarudi ndani kuniandikia sifuri.

Njia nzima ya kurudi nililia, nikaendesha huku nafuta macho kwa mkono wa koti. Mama alikuwa uani anaanika.

"Umepita?"

"Wamenitoa."

Alilizunguka shuka kwenye pikapu, akalisogelea, akarudi nyuma. "Pua yangu si kubwa hivyo," akasema. Kisha akaanza kuanua nguo zake kwenye kamba, moja moja, zikiwa bado zimeganda, akizirundika mikononi kama kuni. "Tundika. Kamba yote yako. Mimi nitaanika kwenye uzio."

Shuka lilikauka kabla ya siku ya maonyesho, chuo kinapowaalika wageni kutazama kazi za waliopita. Nikaling'oa kwenye fremu, nikalikunja kama tunavyokunja mashuka yote, nikachukua kipande cha kamba na mfuko wa vibanio vya mama, nikaenda chuoni. Ukumbi ulikuwa umejaa wageni, glasi mikononi, machungwa na chupa ukutani. Nikafunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, katikati ya ukumbi, hakuna wa kunizuia. Nikabana shuka. Joto lile lote, wala hapakudondoka tone. Watu wakaanza kusogea.

Burdick akaja mbio, uso mwekundu. "Kaisa, alama zimeshafungwa. Huwezi kuja sasa hivi kuomba alama."

Nikatoa kibanio cha mwisho mdomoni, nikambania mama upande wa juu, pale ulipokuwa umelegea.

"Sikuja kuomba alama, Profesa," nikamwambia. "Nimekuja kuanika."